Kocha Mnayemtafuta Ulaya Alishakaa Ruangwa, Nyie Mkamchunia

Leo hakuna stori ya nani kaachana na nani, ingawa ukiitazama vizuri hii nayo ni stori ya mapenzi. Mtu yuko nyumbani, anakujua, anakupikia, na wewe kutwa uko kwenye simu unamtongoza wa mbali ambaye hajui hata Kilwa iko upande gani wa bahari. Nazungumzia makocha wa mpira.

Kuna staa wetu mmoja. Jina silitaji, na si kwa woga, ni kwa sababu akiliona jina lake hapa atafurahi. Kiki kwake ni chakula. Ni mtoto wa ukanda huu huu wa Lindi, muhogo na pweza kala huku, sasa hivi yuko Dar na wafuasi anao kibao. Kazi yake mjini ni moja tu. Simba ikitoa sare, anaingia laivu. Yanga ikifungwa, anaingia laivu. Kocha hajafungasha hata begi, yeye tayari ana majina manne ya warithi: Mfaransa mmoja, Mserbia mmoja, Mbelgiji mmoja, na lazima awepo Mreno "mwenye sivii nzito". Hiyo sivii anaisoma hapo hapo kwenye simu, na majina yenyewe anayatamka kwa kubahatisha kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mbao. Nyie huku Masoko, Kivinje, Nangurukuru na Lindi mjini mnaunguza bando hadi saa nane usiku mnapiga kura.

Mtu hajawahi kumuona huyo kocha akifundisha hata dakika kumi. Ila kura kapiga. Na kagombana na shemeji yake juu ya hiyo kura.

Tuelewane hapa mapema. Utani wa Simba na Yanga siupingi, tumezaliwa nao, na mimi upande wangu ninao ila leo siusemi msije mkaacha kusoma njiani. Ninachopinga ni hili swali la "nani kocha ajaye" linavyoulizwa, kana kwamba jina lenyewe ndiyo dawa. Swali hilo likianza, anayepumua ni kiongozi aliyesajili hovyo. Wiki nzima mashabiki wanashikana mashati Mreno au Mserbia, na hakuna anayemuuliza yeye mkataba wa aliyeondoka ulikuwa wa muda gani, wachezaji alichagua nani, na fidia inalipwa na nani.

Sasa tukumbushane, maana huyu staa wetu kumbukumbu yake inaishia Ijumaa iliyopita.

Oktoba 2021 Simba walitolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana pale Mkapa. Walishinda 2-0 ugenini, wakaja kupigwa 3-1 nyumbani. Didier Gomes akaondoka. Nani alibaki na timu mpaka Pablo Franco anafika? Hitimana Thierry, aliyekuwa msaidizi. Na huyo Hitimana mnamjua kutoka wapi? Kutoka Ruangwa! Ndiye aliyekuwa na Namungo msimu wa 2019/20, msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu, akaipeleka mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF kule Sumbawanga. Simba hao hao walishinda 2-1, Agosto 2020.

Septemba 2022 Zoran Maki akaondoka Simba. Aliyeitwa kushikilia ni Juma Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga, yule mliyempa jina la Guardiola Mnene, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa mapenzi. Kashikilia kwelikweli. Kawapiga Nyasa Big Bullets nje ndani, kaenda Luanda kawapiga Primeiro de Agosto 3-1, kamalizia 1-0 nyumbani, Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa Robertinho, Mgunda akasogezwa pembeni. Novemba mwaka huo ikaja ile 5-1 ya Yanga, sitaki kuwatonesha kidonda, Robertinho akaenda zake. Akaja Benchikha, naye Aprili 2024 akaaga. Nani kaitwa tena kumalizia msimu? Mgunda. Msimu ukaisha, akaletwa mwingine. Kabla mwaka haujaisha, Mgunda yuko Ruangwa anaifundisha Namungo.

Halafu Septemba 2025. Fadlu Davids kaondoka ghafla, kaenda zake Raja Casablanca, na Simba wana marudiano na Gaborone United. Nani kaombwa aje kukaa kwenye benchi? Hemed Suleiman Morocco. Simba ikavuka.

Hesabuni wenyewe. Hitimana, Mgunda, Morocco. Watu watatu ambao benchi la Namungo linawajua, wote Simba imewaita usiku nyumba inawaka moto, wote wakazima, na asubuhi akapigiwa simu mtu wa kupaka rangi kutoka mbali. Kwenye zile kura zenu za usiku, hata mmoja wao hakuwa kwenye orodha. Nilipitia. Kwenye moja tu kulikuwa na nafasi imeandikwa "wazawa", wote wamefungwa fungu moja kama dagaa.

Huyu Morocco ndiye anayeniuma zaidi, maana habari yake ni ya kwetu. Yeye ni Mzanzibari, lakini sifa kubwa alianza kuijenga huku kusini. Kachukua Namungo baada ya Hitimana, msimu wa 2020/21, timu inacheza Kombe la Shirikisho Afrika kwa mara ya kwanza. Mnakumbuka kilichotokea Angola? Timu imefika Luanda, ikaambiwa kuna watu wana korona, baadhi wakazuiliwa, mechi ikafutwa. CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar. Pale Chamazi, Februari 2021, Wauaji wa Kusini wakampiga Primeiro de Agosto mabao 6-2. Sita! Marudiano wakafungwa 3-1, wakapita kwa jumla ya 7-5. Timu ya Ruangwa, wilaya ambayo kuna watu Dar wanadhani iko Msumbiji, imeingia kundi moja na Raja, Pyramids na Nkana.

Kwenye makundi hawakuambulia hata pointi. Najua, kuna mtu hapo alishaanza kuandika. Wamefungwa mechi zote sita. Sasa nikuulize, ulitegemea nini? Msimu wa pili tu Ligi Kuu, timu inatoka sehemu ambayo ukitoka Kilwa unaenda Lindi, unapita Mnazi Mmoja, unapita Mtama, unafika Nanganga ndipo unakata kuitafuta. Kufika pale kulikuwa ni muujiza wenye jasho ndani yake.

Mtu huyo huyo Januari 2024 kakabidhiwa Taifa Stars katikati ya AFCON, baada ya Adel Amrouche kufungiwa na CAF kwa maneno yake kuhusu Morocco. Yaani Mualjeria kaisema Morocco, kaletwa Morocco. Katoa sare na Zambia, katoa sare na Congo, watu wanasema ni wa kushikilia tu. Kashikilia mpaka Novemba 2024 Stars ikaifunga Guinea 1-0 pale Mkapa na kufuzu AFCON nyingine. Agosto 2025 kaipeleka robo fainali ya CHAN, wakatolewa na Morocco kwa bao moja. Novemba TFF ikaachana naye, timu akapewa Miguel Gamondi. Mwezi mmoja na ushee kabla ya mashindano aliyoyafuzu yeye.

Hapo staa wetu atanirukia: "Lakini Gamondi kafika 16 bora!" Ndiyo, kafika. Mara ya kwanza katika historia yetu, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Gamondi ni kocha, hilo silikatai. Wageni wazuri wapo, na nikisema hawapo nitakuwa nawadanganya. Nabi kaipeleka Yanga fainali ya Shirikisho 2023. Fadlu kaipeleka Simba fainali hiyo hiyo 2025. Ila kaangalieni hao wawili wana nini cha kufanana. Nabi alikuja Aprili 2021, akafika fainali mwaka wa tatu kalenda. Fadlu alipewa timu msimu haujaanza akaachwa nayo mpaka mwisho. Walipewa muda, basi. Pasipoti zao hazikucheza hata mechi moja.

Hitimana Simba alipewa siku ngapi? Morocco kapewa mechi moja. Mnampa mtu masaa, halafu mnasema mzawa hana mbinu.

Kuna hoja nyingine ya Wananchi naijua inakuja. Msimu wa 2024/25 Yanga walikuwa na Gamondi, wakamtoa Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, wakamleta Ramovic, naye akakimbilia Algeria Februari, wakamleta Hamdi, na ubingwa wakabeba. Kwa hiyo kubadilisha kocha hakuna madhara, si ndiyo? Kwa Yanga, sawa. Yanga ana kikosi ambacho hata ukimpa mjomba wangu anayeuza samaki Masoko anamaliza nafasi tano za juu. Shida ni kwamba klabu ndogo zinaiga. Tajiri akinunua simu kila mwezi ni fasheni, wewe ukimuiga utauza kitanda.

Na hapa ndipo ninapotaka kutua, nyumbani.

Hebu niambieni bila kugugo: kati ya 2022 na mwisho wa 2024, Namungo imefundishwa na nani na nani? Kimya. Nitawasaidia, na hapa nawataja baadhi tu. Honour Janza kutoka Zambia. Denis Kitambi. Cedric Kaze, aliyewahi kuwa Yanga, kaja 2023 na Oktoba mwaka huo huo kaondoka. Mwinyi Zahera, naye wa Yanga zamani. Kisha Mgunda. Benchi linabadilishwa kama kanga za mwali, na huku kwetu hakuna laivu, hakuna kura, hakuna shemeji aliyegombana na mtu. Staa wetu wakati wote huo hakusema neno. Nilimwandikia kwenye inboksi wakati Kaze anaondoka, nikamuuliza vipi mwanangu, za kwetu huziongelei? Kanijibu kwa kicheko na maneno matatu: "Haina watu hiyo."

Haina watu! Timu pekee ya mkoa mzima wa Lindi kwenye Ligi Kuu haina watu, ila Mserbia anao.

Acha niwape picha ya ugonjwa huu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita, mvua imebomoa barabara, Somanga imekatika, magari ya Dar yamelala pande zote mbili. Watu hawana pa kwenda, bidhaa zimekwama, nyanya zinaozea kwenye mabasi. Niko kijiweni Nangurukuru na wazee wa kahawa, nikasema leo hapa itazungumzwa barabara. Wapi! Benchikha alikuwa kaondoka siku chache nyuma. Saa tatu nzima mada ni nani anamrithi Benchikha. Mzee mmoja alisimama kabisa, kashika kikombe, anaapa kwamba bila kocha kutoka Afrika Kaskazini Simba imekwisha. Nikamuuliza, babu, na Namungo je, nani anafundisha sasa hivi? Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya ndege.

Simlaumu babu, kijiwe ni burudani na burudani ni haki yake. Nyie wa umri wangu ndiyo nawalaumu, wenye simu mkononi na mdomo unaofika Dar kwa sekunde moja.

Maana mnajua kinachotokea timu ya kwenu ikishuka? Waulizeni jirani zetu wa Mtwara. Ndanda ilikuwa Ligi Kuu, Nangwanda Sijaona inajaa, Simba na Yanga wanafika, nyumba za wageni zimejaa, mama lishe anapika sufuria tatu badala ya moja. Mwaka 2020 ikashuka. Hadi leo haijarudi. Mtoto wa Mtwara wa miaka saba hajawahi kuishuhudia timu ya mji wake kwenye Ligi Kuu, anawaona wakubwa kwenye banda umiza kwa shilingi mia tano kama sisi wa Kilwa. Namungo ikienda njia hiyo, bodaboda wa Ruangwa ndiye atalia. Staa wetu atabadilisha mada tu.

Halafu kuna jambo jingine, dogo, ila ndilo lililonifanya nikae niandike. Hapa Masoko kuna jamaa anafundisha watoto mpira jioni. Jina lake simtaji, yeye kwa sababu tofauti, ni mtu wa aibu. Koni zake ni madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa katikati. Mipira ni miwili, mmoja unavuja, kwa hiyo wanaucheza dakika ishirini wanaupumzisha. Anajua kila mtoto anapendelea mguu gani, na nani kaja bila kula. Anachotaka ni kwenda kusoma kozi ya ukocha, leseni ya chini kabisa, ile D, aanzie hapo. Kaandika kwenye grupu letu la WhatsApp akiomba tumchangie ada na nauli. Grupu lina watu zaidi ya mia mbili.

Kilichopatikana hakikutosha hata nauli ya kwenda na kurudi Lindi mjini. Wiki hiyo hiyo, grupu hilo hilo, zilichangwa pesa za kukodi Kosta kwenda Dar kuangalia dabi, na zikatimia kwa siku mbili. Kwenye Kosta walibishana njia nzima kuhusu kocha ajaye. Mmoja wao ndiye kanihadithia, anacheka.

Huyo wa madumu ndiye kocha ajaye, mwanangu. Labda si wa Simba, labda ni wa Namungo tu mwaka 2040, labda ni wa timu ya wilaya. Mgunda naye hakuzaliwa na koti la benchi. Ila tukimkosesha D leo, hiyo 2040 tutakuwa tunapiga kura ya Mreno mwingine, na yule mzee wa kikombe atakuwa kamrithisha mjukuu kiapo chake.

Kwa hiyo, staa wetu, kwa kuwa najua unanisoma, umeshawahi kuiba posti zangu mbili, sikuombi uache laivu zako. Laivu ndiyo ugali wako. Nakuomba siku kocha akifukuzwa, kabla hujataja jina la mtu, uulize kwa sauti hiyo hiyo kubwa: aliyeondoka alipewa miezi mingapi? Usajili aliufanya yeye au aliukuta mezani? Kwa nini anayeaminiwa kuzima moto haaminiwi kulala ndani ya nyumba? Kisha siku moja, moja tu kwa mwezi, fungua laivu ya Namungo. Watu watakuja. Mimi nitakuja, na Kosta nzima nitaisukuma ije.

Na namba ya kumchangia jamaa wa madumu anayo msimamizi wa grupu, mnamjua, acheni kujifanya mmepoteza.

Ukinijibu kwa kunitukana, staa, fresh. Ila ukirudi tena na orodha ya wazungu wanne ambao hujui hata mmoja wao mara ya mwisho alikaa klabu gani zaidi ya miezi sita, posti ijayo naiandika kwa jina lako kamili, na lile la shuleni Kivinje ambalo hutaki watu wa Dar walijue.